Pishi ya Siku ya Saba

Ipo fikra iliyoenea miongoni mwetu, na baadhi ya wanaoieneza ni watu wenye dhamana, kwamba mapumziko ni malipo ya kazi. Mtu hutumika siku sita, akachoka, akapewa siku moja ajinyooshe, ili kesho yake arudi kazini na nguvu mpya, mfano wa mashine iliyotiwa mafuta. Kwa fikra hiyo, asiyemaliza kazi hana haki ya kupumzika. Na kibarua asiyefika kazini siku ya saba halipwi, kwani inahesabiwa kwamba amekaa kwa hiari yake. Tunakusudia leo kuitazama fikra hiyo kwa kuyarejea mafundisho ya dini ya Kikristo juu ya Sabato, mafundisho ambayo wengi wetu hapa visiwani tunayajua kwa jina tu.

Hatuandiki ili kumvuta mtu kwenye dini wala kumtoa. Tunaandika kwa sababu ndani ya mafundisho hayo mna jambo linalowahusu wakuu wa kazi na wafanyakazi wa dini zote; tena kwa sababu majirani zetu Wakristo ni wachache hapa, na aghalabu mchache huumia kimya kimya.

Kwanza tuliondoe jambo la majina. Sisi Waswahili huhesabu siku baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, hata kufika Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ikihesabiwa tangu Jumapili. Wiki yetu basi ina tano mbili, wala haina sita wala saba. Siku waliyoiita Mayahudi Sabato, na Waarabu wakaiita Sabt, ndiyo hii yetu ya Jumamosi: ya saba kwao, ya kwanza kwetu. Wakristo walio wengi huiadhimisha Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku wanayoamini kwamba Yesu alifufuka. Waadventista, ambao wengi wetu tunawaita Wasabato, waliojiunga kuwa kanisa huko Marekani mwaka 1863 na wamisionari wao kufika Upare mwaka 1903, hushika Jumamosi, tangu jua kuchwa siku ya Ijumaa mpaka jua kuchwa siku ya pili yake. Ubishi huo wa siku ni wao kwa wao, hatuuingilii. Kinachotushughulisha ni kile wanachokubaliana.

Wanakubaliana kwamba Mwenyezi Mungu aliiweka wakfu siku ya saba baada ya kuuumba ulimwengu. Hapo dini mbili zinaachana kidogo, na hakuna faida ya kuficha: sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba Mola hakuguswa na machofu katika kuumba, wala Uislamu hauna Sabato. Ijumaa yetu ni wito wa sala, biashara inaachwa, na sala ikisha watu wametakiwa watawanyike waitafute fadhila ya Mungu. Wataalamu wa Kikristo nao hawasemi kwamba Mungu alichoka. Wanasema alisimamisha kazi yake akaitazama na kuiona njema, na akamkaribisha mwanadamu, aliyeumbwa siku ya sita, katika utulivu huo. Siku nzima ya kwanza ya mtu duniani, kwa maelezo yao, ilikuwa siku ya kupumzika, hali bado hajashika jembe.

Lakini mahali ambapo watu wanapewa mapumziko hayo kwa uwazi, katika Kitabu cha Kutoka, ni mlango wa 16, nazo Amri Kumi hazitolewi mpaka mlango wa 20. Bani Israili wametoka Misri mwezi mmoja tu uliopita. Wako jangwani, njaa imewashika, na wanalalamika wakiyakumbuka masufuria ya nyama ya nchi ya utumwa. Hapo ndipo wanapoteremshiwa mana na kware. Nasi tunayajua hayo kwa jina la mana na salwa, yaliyotajwa katika Sura za Baqara, Aaraf na Taha. Kitabu cha Wakristo kwa Kiswahili kinataja kipimo ambacho kila mama wa Kiunguja na Kipemba anakijua, maana alikikuta kwa bibi yake: pishi. Kila kichwa kilipewa pishi moja kwa siku, basi. Aliyeokota vingi, alipopima hakuona ziada. Aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Aliyeficha akiba ya kesho aliikuta asubuhi imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita peke yake kila kichwa kilipata pishi mbili, na ile ya pili ikalala bila ya kuoza. Siku ya saba hakikuanguka kitu. Wapo waliotoka na vyombo vyao hata hivyo, wakarudi mikono mitupu.

Tunawaomba wasomaji wautazame vyema mpango wa mambo hayo. Watu hawa hawakuwa wamemaliza kazi yoyote. Walikuwa wakimbizi wenye manung'uniko. Tena hawakuambiwa wapumzike na riziki wataijua wenyewe. Chakula cha siku ya saba kilitiwa mikononi mwao siku ya sita, kimepimwa, hata kabla ya siku yenyewe kuingia. Walichotakiwa ni kusadiki tu kwamba kinatosha. Na hilo lilikuwa zito kwao kuliko kazi yenyewe, kwani waliolelewa utumwani huogopa siku isiyo na msimamizi.

Ili uzito huo ufahamike, sharti turudi nyuma milango kumi na moja, katika mlango wa 5 wa kitabu hicho hicho. Musa na Harun walipomwendea Firauni kumtaka awape watu ruhusa wakamwabudu Mungu wao jangwani, Firauni alijibu kwamba watu hao ni wavivu. Wanataka ruhusa kwa sababu hawana kazi ya kutosha. Akaamrisha wasipewe tena majani makavu ya kuchanganyia udongo, wakayatafute wenyewe, na idadi ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Wanyapara wa Kiisraili wakapigwa kwa upungufu usiokuwa wao. Neno hilo la uvivu halijatoka duniani. Wakoloni walilitumia katika nchi hizi kwa kila Mwafrika aliyekataa kazi ya kulazimishwa, na wapo viongozi wetu wa leo ambao mfanyakazi akiomba siku yake, jibu lao la kwanza huwa ni hilo hilo.

Ndiyo maana Amri Kumi zinapokaririwa mara ya pili, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 5, sababu ya Sabato inabadilika. Haitajwi tena kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mwenye nyumba anaambiwa akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa Misri. Kwa hiyo mtumwa wake na mjakazi wake wapumzike kama yeye, na ng'ombe, na punda, na mgeni aliyemo ndani ya malango yake. Amri inamwelekea mwenye mamlaka juu ya jasho la wengine. Mnyonge aweza kuipenda Sabato namna atakavyo. Asipoachiwa na aliye juu yake, hana njia.

Katika Sura ya Aaraf sisi wenyewe tunacho kisa cha Sabato, na cha ajabu ni kwamba ni kisa cha wavuvi. Palikuwa na mji kando ya bahari, nao wafasiri wengi wanautaja kuwa ni Ayla, kwenye ncha ya Bahari ya Shamu. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabt. Siku hiyo samaki walikuja wengi, wakionekana juu juu ya maji; siku nyingine hawakuja. Wafasiri wanaeleza hila waliyoitunga: walitega Ijumaa, wakakaa Jumamosi wakijidai kutii, wakaenda kutegua Jumapili. Waliobaki na hila hiyo wakalaaniwa. Tulipokuwa watoto chuoni, kilichotutisha katika kisa hiki ilikuwa adhabu yake, watu kugeuzwa manyani. Ukubwani mtu huona jingine. Mvuvi yeyote wa Nungwi au wa Kojani anaweza kuwahurumia watu wale, kwa kuwa samaki anayepita mbele ya macho si rahisi kumwachia bahari. Wapo wavuvi wetu ambao Ijumaa ngalawa zao hazitii tanga mpaka sala imalizike, hata maji yakiwa mazuri. Wanajua wanachokiacha.

Yesu, kwa mujibu wa Injili, alikuta siku hiyo imekwisha kugeuzwa kuwa mzigo. Watu wa dini wa zama zake walikuwa wamejadili kwa urefu ni kazi gani iliyokatazwa, na mwenye njaa aliyepukusa masuke shambani aliweza kushitakiwa. Alitetea wanafunzi wake waliofanya hivyo, akafundisha kwamba siku iliwekwa kwa ajili ya mtu. Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, anamwona sinagogini mama aliyepinda mgongo kwa miaka 18, anamponya siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi anakasirika: ziko siku sita za kazi, waje waponywe siku hizo. Jibu la Yesu ni la mtu ajuaye maisha ya shamba. Nani kati yenu hamfungui ng'ombe wake siku ya Sabato akamnyweshe maji? Kwake yeye kumfungua aliyefungwa ndiyo kazi khasa ya siku hiyo.

Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, anawafundisha wafuasi wake waombe chakula cha siku, kisha anawataja ndege wasiopanda wala kuweka ghalani, na maua yasiyofuma nguo. Hapo wapo wanaocheka, wakisema ni mafundisho ya kukaa bure. Hawakuyasoma vizuri. Ndege hakai kiotani akingojea. Mtume Muhammad naye alitoa mfano wa ndege hao hao, wanaotoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Tawakkal ya kweli ina mbawa ndani yake. Anachokatazwa mtu ni ile khofu inayomfanya akusanye pishi ya kesho ya mwenziwe na kuiita akiba.

Sasa tuje nyumbani. Wanahistoria walioandika juu ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 wanaeleza kwamba ada ilikuwa mtumwa amtumikie bwana siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa aachiwe. Asiyejua atasema: siku mbili kwa wiki, ni nani leo anayepata hizo! Lakini siku hizo ndizo alizolima muhogo wake katika kipande alichoonyeshwa, ili apate kula siku tano zinazofuata. Bwana aliondokana na gharama ya kumlisha, akaiita rehema. Hiyo ni siku ya mapumziko isiyo na pishi ya pili.

Mwezi wa Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana pale Mkunazini, mahali penyewe palipokuwa soko. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi ule na kuzikwa humo, alikuwa pia miongoni mwa waliokifasiri kitabu chao kwa Kiswahili. Waumini wengi wa mwanzo walikuwa watumwa walioachiwa huru. Walikuja Jumapili, hawakuitwa na nyapara, wakaketi pale pale walipokuwa watu wakiuzwa kwa kichwa, wakasomewa habari za pishi moja kwa kichwa. Sisi si wa kanisa hilo, lakini kila tupitapo Mkunazini hatuwezi kulipita jambo hilo.

Historia ya siku ya mapumziko katika mikono ya watawala ni ndefu, nasi tutaigusa pale tu inapotufaa. Kaizari Konstantino alipotoa amri ya Jumapili, mwezi Machi mwaka 321, aliwapumzisha mahakimu, watu wa mjini na wenye karakana. Wakulima aliwaruhusu waendelee, eti hali ya hewa haingoji. Tangu siku hiyo mwenye ofisi amepumzika na mwenye jembe akatafutiwa udhuru. Wafaransa katika mapinduzi yao waliifuta wiki mwaka 1793 wakaweka siku kumi. Wananchi wakagundua mapema kwamba wamepokonywa mapumziko, na mwaka 1806 ulipoingia kalenda ya zamani ilirudishwa. Wasovieti mwaka 1929 walianzisha wiki ya siku tano isiyokatika. Wafanyakazi waligawiwa makundi matano, kila moja na rangi yake na siku yake, ili mitambo isizimike kamwe. Mume alipumzika siku ya rangi yake, mke siku ya rangi nyingine, watoto siku ya skuli yao. Mitambo ilichakaa, watu wakanung'unika; mwaka 1931 ikajaribiwa wiki ya siku sita, na Juni 1940 wiki ya siku saba ikarudi na Jumapili yake. Nchi ile ilikuwa rafiki mkubwa wa wapigania uhuru wa Afrika, na wema huo hatuusahau. Hata hivyo urafiki haufuti hesabu. Walimpa mtu saa za kulala, wakamnyima watu wa kukaa nao.

Kuna visiwa vilivyokwenda upande wa pili kabisa. Katiba ya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, iliyotolewa mwaka 1875 na Mfalme George Tupou wa Kwanza, inaitangaza Sabato kuwa takatifu na kukataza kazi na biashara siku hiyo, ila kwa ruhusa ya sheria. Nchi nzima hunyamaza Jumapili. Mwaka 1982 kimbunga Isaac kilipovivuruga visiwa hivyo, wenye tanuri za mikate waliruhusiwa kuoka Jumapili ili watu wapate kula. Shida ikaondoka, mikate ikabaki, na mwaka 2016 ubishi ukazuka upya baina ya waliotaka tanuri zifungwe na waliozoea mkate wao. Tunawaheshimu Watonga kwa kuishi na swali hilo hadharani. Hata jangwani lilikuwa swali la mkate.

Katika mambo ya sheria za kimataifa, Mkataba Namba 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, unawapa wafanyakazi wa viwandani saa 24 mfululizo katika kila siku saba, na kuagiza kwamba, iwezekanapo, wapumzike wote kwa pamoja. Mkataba Namba 106 wa mwaka 1957, unaohusu biashara na maofisi, unakwenda mbele zaidi: mila za watu wa dini wachache ziheshimiwe kadiri inavyowezekana, na mapato ya mfanyakazi yasipunguzwe kwa sababu ya siku hiyo. Walioandika kifungu hicho cha mapato waliifahamu ile pishi ya pili, wawe walikusudia au la.

Tukipima mambo yetu kwa kipimo hicho, yapo ya kusema. Karani wa mshahara wa mwezi hupumzika Jumamosi na Jumapili, na mwisho wa mwezi pishi yake ni nzima. Kibarua anayebeba zege, mpagazi wa bandarini, msichana anayefagia vyumba vya hoteli kwa malipo ya siku, hao siku ya kupumzika kwao ni siku ya kukopa dukani. Mama wa mwani yeye hufuata bamvua na maji mafu, na bahari humpumzisha inapotaka. Kwake tatizo ni bei ya mwani, ambayo ikianguka humtoa nyumbani hata anapoumwa. Kuwahubiria watu kama hao wamtegemee Mungu, na anayehubiri analipwa siku zote saba, ni jambo la kutia haya. Musa hakuwaambia watu wasadiki mpaka pishi mbili zilipokuwa mikononi mwao.

Lipo pia la majirani zetu. Mwanafunzi wa Kisabato anapopangiwa mtihani Jumamosi, huchagua baina ya cheti na imani ya wazazi wake. Mtumishi Mkristo anapoitwa semina Jumapili asubuhi, na posho hutolewa kwa waliohudhuria tu, naye ameulizwa swali hilo hilo kwa sauti ya chini. Hatusemi kwamba wapangaji wa ratiba wana nia mbaya; wengi wao hawakuwahi kufikiri. Mtu yule yule angeghadhibika, na kwa haki, lau angeitwa mkutanoni Ijumaa saa saba mchana.

Na kwa vibarua, njia ya kuanzia haiko mbali. Kazi za kujenga skuli, vituo vya afya na barabara zinazolipwa kwa fedha za umma hupita kwa mikataba, na mikataba huandikwa katika ofisi ambazo gazeti hili hufika kila asubuhi. Kifungu kinachosema kwamba aliyefanya kazi siku sita alipwe saba hakizidi mstari mmoja. Mkandarasi atauliza nani atakayelipa. Ajibiwe kwamba ni sisi sote, kwa sababu jengo ni letu, na kwamba gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, pamoja na saruji na nondo.